Kizibao cha sufu na hariri, kuanzia zizini hadi vifungo

Kizibao cha kwanza nilichotengeneza kwa sufu na hariri nilikikusudia kwa mume wangu. Aliyekivaa ni mtoto wetu wa miaka sita. Rangi ilikuwa nzuri, sufu ilishika barabara, na mikono iliniuma wiki nzima, lakini mabega yalitoka ya mtoto. Nilikuwa nimefuata kipimo cha mtu aliyetumia sufu nyingine na hariri nyingine, nikaamini kwamba vyangu vitajikunja sawasawa na vyake. Tangu siku ile sianzi nguo kabla sijatengeneza kipande cha majaribio cha sentimita 30 kwa 30. Mengine yote nitakayoeleza hapa unaweza kuyabadilisha kulingana na ulichonacho nyumbani. Hilo la kipande cha majaribio lishike.

Nimezaliwa Mji wa Kale, Mombasa, nikaolewa nikaja kuishi nje kidogo ya Molo, ambako mwezi wa saba asubuhi huwezi kuukunja mkono ukashika sindano kwa baridi. Nyumbani nilikulia kati ya hariri, hina na shabu. Sufu sikuijua. Huku sufu ipo tele kwa sababu kondoo wapo, ila wengi wanafugwa kwa ajili ya nyama, na jirani yangu alikuwa akiwanyoa wake na kuyamwaga manyoya shimoni nyuma ya zizi. Nilimwomba gunia moja. Akanipa mawili, akaniuliza kama ninatengeneza godoro.

Kabla ya kugusa maji, elewa kinachotokea, maana ukikielewa hutahitaji kukariri hatua. Kila unywele wa kondoo umefunikwa na magamba madogo sana, yamepandana kama makuti juu ya paa, yote yameelekea nchani. Ukiulowesha kwa maji ya sabuni magamba hufunguka. Ukiusugua, unywele hutambaa kuelekea upande wa shina lake, na hauwezi kurudi nyuma kwa kuwa magamba ya jirani zake yameushika. Nywele elfu kwa elfu zikifanya hivyo pamoja, zinakuwa kitambaa kisichofumwa wala kushonwa. Hiyo ndiyo felti, ambayo wafugaji wa Mongolia wanaifunikia mahema yao. Hariri haina magamba, kwa hiyo peke yake haishikani na chochote. Lakini ikiwa imefumwa kwa uwazi, nywele za sufu hupenya katikati ya nyuzi zake, hukutana upande wa pili, kisha zinapojikunja huivuta hariri ijikunje nazo. Ndipo yanapotokea yale makunyanzi mazuri kama mchanga wa pwani maji yakishatoka. Kitambaa cha namna hii kinaitwa nuno, neno la Kijapani lenye maana ya kitambaa tu, na mbinu yenyewe ilipata sura yake Australia mwanzoni mwa miaka ya 1990 mikononi mwa fundi aitwaye Polly Stirling.

Kumbuka mpangilio huo: kupenya kwanza, kujikunja baadaye. Karibu kila kosa la kazi hii ni kukunja kabla ya kupenya.

Sufu na hariri za kununua

Si kila kondoo anafaa. Merino ndiyo laini kuliko zote na inapenya upesi. Corriedale, ambaye ni uzao wa Merino na Lincoln, ana sufu nene kidogo lakini inashikana vizuri, na ndiyo ninayoitumia mimi kwa sababu ndiyo ninayoipata. Romney Marsh inafaa kwa koti la nje, ila inachoma shingoni. Ya Hampshire Down iache. Ni kondoo mzuri wa nyama, lakini sufu ya ukoo wake inakataa kushikana hata uisugue mpaka usiku, na mimi nilipoteza siku mbili kabla ya jirani yangu kuniambia kwamba gunia la pili lilitoka kwa dume la Hampshire. Muulize mfugaji. Akiwa hajui, chukua shungi dogo, lilowesha kwa maji moto na sabuni, liviringishe katikati ya viganja kwa dakika tano. Likiwa gololi ngumu, chukua. Likibaki pamba iliyolowa, acha.

Kwa kizibao cha mtu mzima wa kawaida ninahitaji gramu 170 za sufu safi, pamoja na ile ya majaribio. Sufu chafu kutoka zizini hupoteza kati ya theluthi na nusu ya uzito wake ukiiosha, basi chukua gramu 350 uwe na nafasi. Omba ya mabegani na mbavuni. Ya tumboni na makalioni ina samadi na haifai jasho lako.

Hariri nayo ina mtego wake. Madukani utaambiwa kila kitambaa kinachong'aa ni hariri, na nyingi ya hiyo ni polista. Polista nyepesi inaweza kushikwa na sufu, lakini rangi za mimea haziipati kamwe: utachemsha, utasuuza, itabaki nyeupe. Omba uzi mmoja kutoka kwenye pindo, uuchome kwa kiberiti. Hariri ya kweli inanuka kama nywele zilizoungua na jivu lake linasagika vidoleni. Polista inayeyuka na kuacha punje ngumu nyeusi. Muuzaji anayekataa kukupa uzi mmoja amekwisha kukujibu.

Chagua shifoni au shashi ya hariri, nyepesi kabisa. Iweke mdomoni upulize: pumzi ikipita bila kuzuiliwa, sufu nayo itapita. Satini ni nzito na imebanwa, iache. Ninanunua mita 2 za upana wa sentimita 112, na uzito wake haufiki gramu 50. Hariri ya viwavi wa huku kwetu, wanayofundishwa wakulima na ICIPE, kile kituo cha utafiti wa wadudu pale Kasarani, Nairobi, ikifumwa kwa mkono huwa nene mno kwa nuno, ingawa nyuzi zake mbichi ukizitandaza chache juu ya sufu zinaacha mng'ao ambao sijauona kwingine.

Kuosha

Sehemu hii ni fupi lakini usiipuuze. Chemsha maji mpaka mkono usiweze kuvumilia, yapata nyuzi 60, tia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kisha zamisha sufu ikiwa ndani ya mfuko wa neti ule wa vitunguu. Usikoroge, usifinye, usimwagie maji juu yake. Iache dakika 20, itoe kabla maji hayajapoa, maana mafuta ya kondoo yakipoa yanarudi kwenye nywele. Rudia mara mbili, kisha suuza mara mbili kwa maji ya joto lile lile. Maji ya mvua ndiyo bora, kwa sababu ya kisima mara nyingi huikataa sabuni.

Usitie magadi. Nimeona watu wanaojua kwamba magadi hulainisha maharage wakidhani yatalainisha na sufu. Yanailainisha kweli, kwa kuila. Sufu na hariri zote ni protini, na magadi huzivunja.

Ikikauka kivulini, ichambue kwa vidole kama unavyochambua pamba ya mto, kisha ichane kwa brashi mbili za waya. Zangu nilizipata agroveti, ni za kuchania mbwa, na zimenitosha miaka yote.

Rangi

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko pengine popote. Paka rangi kabla ya kutengeneza kitambaa, sufu mbali na hariri mbali. Nguo iliyokwisha kushikana hairuhusu rangi iingie hadi moyoni, na ukiipeleka jikoni itaendelea kujikunja sufuriani hadi ikupotee.

Bibi yangu alikuwa na jiwe la shabu kabatini, la kusafishia maji na la babu kujipaka akishanyoa ndevu. Shabu hiyo hiyo ndiyo inayoshikisha rangi kwenye nywele. Maduka ya ubani na udi wanayo. Itwange kwenye kinu, upime kwa mizani ya jikoni: gramu 12 kwa kila gramu 100 za sufu au hariri kavu. Kwa hesabu yetu ni gramu 20 kwa sufu yote na gramu 6 kwa hariri. Usikadirie kwa kijiko. Shabu ikizidi, sufu inakuwa na mnato na kukakamaa.

Kwa sufu, yeyusha shabu kwenye maji moto, ongeza maji baridi mpaka sufuria ijae, tia sufu iliyolowa ikiwa ndani ya mfuko wake wa neti, kisha washa moto mdogo. Maji yachukue saa nzima kufika mahali yanapotoa mvuke na vipovu vidogo pembeni bila kutokota. Yabaki hapo dakika 45, zima, acha sufu ilale humo usiku kucha. Hariri haitaki hata hayo. Iloweke kwenye maji ya shabu ya uvuguvugu, uifunike, ukalale. Sufuria iwe ya chuma cha pua na isirudi tena kwenye chakula. Ile yenye kutu itakufifiza kila rangi iwe kama majivu.

Rangi ya kwanza ya kujifunza ni ya maganda ya vitunguu. Mama anayeuza vitunguu sokoni huyafagia kila jioni, muombe tu. Gramu 100 za maganda kwa gramu 100 za sufu. Ni mfuko mkubwa kuliko unavyodhani, maana maganda hayana uzito. Yachemshe saa moja, chuja, acha maji yapoe, tia sufu, pandisha joto tena polepole na uiache humo saa moja. Sufu iliyopitia shabu hutoka rangi ya asali, na ukiiacha usiku inafika rangi ya shaba.

Kwa hariri napenda kokwa za parachichi. Sitaki kumnyima mtu furaha ya kuona kokwa ya kahawia inatoa waridi. Kata kokwa nane vipande vidogo, tia maji, joto liwe dogo kabisa. Zikitokota, waridi linageuka kahawia na hakuna cha kulirudisha. Nafanya hivyo saa mbili, naacha usiku, na asubuhi maji yamekuwa mekundu kama chai ya rangi. Hariri naizamisha humo bila kuirudisha kwenye moto mkali. Ikitoka ni waridi la kucha za mtoto mchanga. Kokwa zina ukakasi wa kutosha kushika rangi hata bila shabu, lakini nikiitia shabu rangi inakaa sawasawa bila mabaka.

Ya tatu ni magome ya muwati. Huku kila boma lina miwati kwa ajili ya kuni, na gome likitolewa hutupwa. Livunjevunje, liloweke siku tatu, lichemshe saa mbili. Linatoa kahawia yenye wekundu ndani yake, kama udongo wa Molo mvua ikinyesha, na halipauki kirahisi. Muwati nao ulitoka Australia, kama nuno yenyewe. Huwa nafurahi vikikutana kwenye sufuria yangu.

Hina lazima niitaje, kwa kuwa ndiyo iliyonifungua macho. Sababu inayofanya hina ishike kiganjani na kwenye nywele za bibi arusi ndiyo inayofanya ishike kwenye sufu: nywele ni nywele, za mtu au za kondoo. Gramu 50 za hina ya unga safi kwa gramu 100 za sufu zinatoa rangi ya tangawizi iliyoiva. Soma pakiti vizuri, hina nyeusi ya dukani ina dawa nyingine ndani yake, usiitumie.

Majani ya mkalitusi nayo hutoa rangi bila shabu, toka manjano ya majani makavu hadi rangi ya kutu, kutegemea aina ya mti ulio nao. Jaribu wako.

Sasa zile zinazodanganya. Manjano ya mchuzi hutoa rangi ya kupendeza mno, na ndani ya wiki chache za jua imekwenda. Mzingefuri, ambao sisi watu wa Pwani tunao wa kutosha, ni hivyo hivyo: chungwa la moto siku ya kwanza, kisha unapauka. Bitiruti hubaki doa la uchafu. Najua inauma kuambiwa hivyo baada ya kukaa jikoni siku nzima. Kwa hiyo fanya jaribio la jua: kata kitambaa chembamba cha kila rangi, funika nusu yake kwa kadi ngumu, ubandike dirishani wiki mbili. Ukitoa kadi na usione mstari katikati, hiyo ni rangi ya nguo. Ukiuona mstari, ni rangi ya pambo la siku moja.

Ukitaka kutuliza rangi iwe ya kimya zaidi, loweka misumari yenye kutu kwenye siki na maji kwa wiki, kisha tia kijiko kimoja tu cha maji hayo kwenye ndoo na uzamishe sufu dakika chache. Vitunguu vinageuka kijani cha zeituni. Kijiko kimoja, nasisitiza. Chuma kikizidi kinaikausha sufu, nayo inakatika.

Kipande cha majaribio na hesabu yake

Kata hariri ya rangi yako, sentimita 35 kila upande. Ndani yake tandaza sufu mraba wa 30 kwa 30, ukiipima kwanza: mimi natumia gramu 8. Weka alama ya uzi upande wa upana ili usisahau upi ni upi. Kitengeneze hadi mwisho kwa njia ile ile utakayotumia kwenye nguo, kikauke, ukipime.

Changu cha mwisho kilitoka upana 20 na urefu 21. Gawa 30 kwa 20, unapata 1.5 kwa upana. Gawa 30 kwa 21, unapata 1.43 kwa urefu. Kifua cha mume wangu ni sentimita 100, nikaongeza 10 za kupumulia, jumla 110, nusu yake 55. Mara 1.5 ni 82.5, nikaweka 83. Urefu ninaoutaka ni 62, mara 1.43 ni 88.7, nikaweka 89. Basi kigezo changu, yaani umbo la plastiki litakalokaa katikati ya mbele na nyuma ya nguo, ni 83 kwa 89. Ukikitazama mezani utaona ni nguo ya jitu. Usikipunguze kwa woga, amini kipande chako.

Eneo la pande mbili za kigezo hicho ni karibu mara 16 na nusu ya mraba wa majaribio, kwa hiyo sufu ni gramu 8 mara 16 na nusu, yaani takriban 132. Igawe mafungu mawili sawa, la mbele na la nyuma, kabla hujaanza kutandaza, ama sivyo mgongo utakula sufu ya kifua.

Kushikanisha

Kigezo nakikata kwenye plastiki nene laini, ile ya kufunikia kitalu cha miche. Kina mteremko mdogo mabegani, basi. Makwapa na shingo sivikati sasa. Kinakaa katikati ya nguo ili mbele isishikane na nyuma, na ndiyo sababu kizibao hiki hakina mshono.

Juu ya meza tandaza plastiki ya malengelenge, ile inayofungiwa vyombo vya kioo, na juu yake kigezo. Juu ya kigezo, hariri ya mgongo. Nimechagua hariri ikae ndani kwa sababu Corriedale yetu inawasha kidogo na hariri ndiyo itakayogusa mwili. Sasa sufu: ishike kwa mkono mmoja, chomoa shungi jembamba kwa ncha za vidole vya mkono wa pili, vikiwa vikavu, ulilaze. Safu ya kwanza zote zielekee upana, kila shungi likipanda juu ya mwenzake kama makuti. Safu ya pili zielekee urefu. Ziwe nyembamba kiasi cha kuiona hariri chini yake. Ubavuni na mabegani sufu ipite nje ya kigezo sentimita 3, chini isipite. Ukipenda, acha madirisha madogo yasiyo na sufu, hapo hariri itatokeza ikiwa imejikunyata, na ndipo waridi la parachichi linapoonekana.

Funika kwa pazia kuukuu la neti. Kwaruza sabuni ya kipande, ijaze kiganja kimoja, iyeyushe kwenye lita 2 za maji, ngoja yawe vuguvugu la kuogeshea mtoto. Yasiwe moto. Hapa ndipo wengi wanaharibu: maji ya moto huifanya sufu ishikane yenyewe kwa yenyewe kabla haijaifikia hariri, na kitambaa chako kitabanduka kama gamba la kidonda. Nyunyiza kwa chupa ya soda uliyoitoboa kifuniko, bonyeza kwa viganja hewa itoke, sugua kidogo kidogo juu ya neti. Kisha geuza kila kitu, kunja zile sentimita 3 zilizolowa zije juu ya kigezo, laza hariri ya mbele, na utandaze fungu la pili la sufu hadi juu ya mikunjo. Mikunjo ndiyo mishono yako, isugue kwa subira kuliko pengine popote.

Viringisha vyote pamoja juu ya bomba la maji la plastiki, funga nje kwa mkeka, kaza kwa vipande vya leso kuukuu. Anza kubingirisha kwa mikono, kuanzia viganja hadi viwiko. Mimi nahesabu kwa kuleta tasbihi. Tisini na tisa zikiisha nafungua, nanyoosha makunyanzi, nageuza nguo robo mzunguko, naviringisha tena. Nguo hujikunja zaidi upande ule unaobingirisha, kwa hiyo usipoigeuza utapata kizibao kifupi kipana. Baada ya raundi nne naanza kuchungulia upande wa hariri. Ukiinamisha kitambaa kwenye mwanga utaona vinyweleo vimetokeza kama ndevu za kijana zinazoanza. Finya sufu kwa vidole viwili uivute: ikiinuka pamoja na hariri, imepenya. Ikiinuka peke yake, rudi kwenye mkeka. Mimi kwa kawaida nafika raundi sita au saba. Siku yenye baridi kali, tisa.

Ikishapenya, chukua mkasi mkali. Kata shingo, makwapa, na mstari wa mbele wa katikati, kwanza vidogo kuliko unavyotaka, kwa sababu vitapanuka unapovaa na hakuna wa kuvirudishia. Toa kigezo. Sugua kila ukingo uliokata kwa kidole chenye sabuni mpaka ufunge, kama unavyofunga ukingo wa sambusa kwa maji ya unga.

Sasa ndiyo zamu ya maji ya moto. Beseni lenye maji yapata nyuzi 50, sabuni kidogo, kanda nguo kama unga wa chapati, kamua, inua, ipige ndani ya beseni. Mara kumi kumi, na kila baada ya kumi uitandaze na kuipima kwa utepe. Sehemu hii huenda haraka sana, ndipo kizibao changu cha kwanza kilipopotelea. Upana ukifika kabla ya urefu, viringisha kwa upande wa urefu peke yake. Vyote vikifika, acha papo hapo hata kama mikono inataka kuendelea.

Suuza mpaka maji yawe meupe. Suuza ya mwisho tia kijiko kikubwa kimoja cha siki kwa lita 5, iondoe ukali wa sabuni. Kamua ndani ya taulo, itandaze mahali bapa kivulini, vuta mabega na ncha za mbele kwa mkono zikae unavyotaka, maana zitakauka hivyo hivyo. Ikiwa bado na unyevu kidogo, pasi ya joto la wastani juu ya kitambaa cha pamba inalaza vinyweleo.

Vifungo navikata kwenye kifuu cha nazi ninachobeba kila nikitoka Mombasa, navilainisha kwa msasa na kuvitoboa kwa msumari wa moto. Kufua ni kwa mkono, maji baridi, kila mara kuanikwa kivulini. Kabla ya kuiweka nguo msimu wa joto ifue kwanza, kwa sababu nondo wanafuata jasho na mafuta ya mwili kuliko sufu yenyewe, kisha ifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa. Karafuu zinanukia vizuri kabatini, lakini peke yake sizitegemei.

Kizibao cha pili cha mume wangu kilipokauka nilikipima mara tatu: upana 54, urefu 62. Anakivaa juu ya kanzu kila Ijumaa toka mwezi wa tano hadi wa nane. Kile cha kwanza sasa kimemfikia mdogo wake mtoto, na rangi ya vitunguu bado ipo.